Cassini aliuona mwezi wa Zuhura mara mbili. Aliona nini hasa?

#1 Nahodha wa Nchi Kavu

Wakuu, salaam.

Vitabu vyote vya shule vinasema Zuhura haina mwezi. Sawa. Ila ukichimba kumbukumbu za watu wa darubini za mwanzo, unakutana na orodha ya watu wazima, wenye akili timamu, walioandika kwamba wameuona.

Francesco Fontana wa Napoli alidai hivyo 1645. Huyo tumweke pembeni, darubini yake ilikuwa inamwonyesha mengi. Shida inaanza kwa Giovanni Domenico Cassini, aliyekuwa akiongoza kazi ya kuchunguza anga pale Paris. Alfajiri ya 25 Januari 1672 aliona kando ya Zuhura kitu kidogo, kipenyo chake kama robo ya Zuhura. Zuhura ilikuwa hilali, na kile kitu nacho hilali. Akanyamaza miaka kumi na minne. Agosti 1686 akakiona tena, safari hii Zuhura ikiwa imejaa zaidi ya nusu, na kile kitu kimejaa vilevile. Ndipo akatangaza.

Na huyu si mbabaishaji. Kati ya 1671 na 1684 alivumbua miezi minne ya Zohali: Iapetus, Rhea, Tethys na Dione. Yote ipo mpaka leo. Yaani mtu yuleyule, kazi ileile, miezi minne sahihi halafu mmoja hewa?

Baada yake akaja James Short, London, 1740. Huyu alikuwa mtengenezaji wa darubini kwa riziki yake. Kisha Montaigne kule Limoges, Mei 1761, usiku kadhaa. Kisha watu wa Copenhagen 1764, na Christian Horrebow hukohuko Copenhagen Januari 1768. Halafu kimya.

Sitaki jibu la "walikosea" halafu mtu anaondoka. Walikosea VIPI? Kitu gani kilikuwa kwenye lenzi?

#2 Kiti cha Mbele

Nimeweka kiti. Uzi wa namna hii ndio tunaoutaka, siyo kila siku usajili wa wachezaji.

#3 Mla Kunde

Mkuu, darubini za enzi hizo zilikuwa chai tupu. Sawa na kutazama taa ya barabarani kupitia chupa ya soda.

#4 Bwana Mdogo wa Kange

Si Galileo ndiye aliyeona mwezi wa Zuhura mwaka 1610? Mbona hujamtaja?

#5 Binti Kilindini

Bwana Mdogo, unachanganya mafaili. Januari 1610 Galileo aliona miezi minne ya Mshtarii. Zuhura aliifuatilia mwishoni mwa mwaka huohuo, na alichokiona ni kwamba Zuhura yenyewe inabadilika sura kama mwezi wetu: inajaa, inapungua, inakuwa hilali. Aliificha habari hiyo kwenye fumbo la herufi za Kilatini akampelekea mtaalamu mwenzake wa anga, Kepler, kupitia balozi wa Toscana kule Prague, asije mtu akamwibia. Fumbo likifumbuliwa linasema mama wa mapenzi anaiga sura za mwezi. Hakuna mwezi wa Zuhura hapo.

Na hizo sura zina uzito wake. Zuhura isingeweza kuonekana imejaa kama ingekuwa inazunguka dunia huku ikibaki kati yetu na jua, kama Ptolemaio, yule mwanazuoni wa kale, alivyofundisha.

#6 Fundi wa Miwani

Mimi kazi yangu ni lenzi, nitajibu kwa upande huo.

Padri Maximilian Hell, mkuu wa uchunguzi wa anga Vienna, aliandika kuhusu jambo hili miaka ya 1760. Maelezo yake ni mepesi. Zuhura inang'aa kupita kiasi. Mwanga wake unapita kwenye darubini, unagonga jicho lako, sehemu ndogo inarudi nyuma kwa sababu uso wa jicho ni laini na una unyevu. Ule uliorudi unagonga lenzi ya jicho ya darubini, yaani ile unayochungulia, unageuka tena kuja kwako. Unapata nakala ndogo, hafifu, yenye sura ileile ya Zuhura. Kama Zuhura ni hilali, nakala ni hilali.

Sasa soma tena bandiko #1. "Zuhura hilali, nacho hilali." Imejaa zaidi ya nusu, nacho vilevile. Hiyo ni sahihi ya nakala. Wateja wangu wanaoendesha usiku wananilalamikia kila wiki: "Fundi, naona taa mbili." Lenzi isiyopakwa dawa ya kuzuia mwako inafanya hivyo, na enzi za Cassini hakukuwa na lenzi iliyopakwa chochote.

Dawa yake: sogeza jicho kidogo. Nakala ikicheza, ni uzushi.

#7 Nahodha wa Nchi Kavu

Fundi, nakukubali kwa Cassini. Kwa Short nakukatalia.

Short alipoona kile kitu hakukaa akakishangaa. Alibadilisha nguvu ya kukuza, akatumia na darubini nyingine, na kitu kikabaki. Tena kilikuwa mbali na Zuhura kama theluthi ya upana wa mwezi wetu tunavyouona angani. Aliendelea kukiona kwa muda asubuhi ile. Mtu anayesugua vioo vya darubini kwa mikono yake hajui nakala?

#8 Fundi wa Miwani

Kila lenzi ya jicho ina nakala yake. Ukibadilisha, unapata nyingine.

#9 Nahodha wa Nchi Kavu

Mahali palepale?

#10 Mla Kunde

Fundi kaishiwa pumzi 😂

#11 Binti Kilindini

Tusimtetee Short kuliko alivyojitetea. Lalande, mtaalamu wa anga Mfaransa, alikutana naye London 1763, na akaandika kwamba Short mwenyewe alionekana hauamini huo mwezi. Alitafuta tena baadaye, hakuupata. Shahidi mkuu wa Nahodha kajitoa kwenye kesi.

#12 Mwalimu wa Jiografia

Habari zenu. Zuhura haina mwezi kwa sababu iko karibu na jua. Mvuto wa jua uliupokonya mwezi wake. Hata Utaridi haina, kwa sababu hiyohiyo. Ni somo la kidato cha kwanza.

#13 Kipima Anga

Mwalimu, kwa heshima zote, hapana. Eneo ambalo mvuto wa Zuhura unashinda wa jua linafika karibu kilomita milioni moja kutoka kwenye sayari. Mwezi wetu uko kilomita 384,000 tu kutoka kwetu. Nafasi ipo, tena ya kutosha.

Maelezo ninayoyapenda zaidi ni ya Alex Alemi na David Stevenson wa chuo cha Caltech, Marekani, 2006. Wanasema huenda Zuhura ilipigwa dafrao kubwa mara mbili. La kwanza likazaa mwezi. La pili likageuza mzunguko wa sayari ukawa kinyume, na kuanzia hapo mvuto wa kujaa na kupwa ukaanza kuuvuta mwezi ndani badala ya kuusukuma nje, mpaka ukaanguka kwenye sayari. Ni dhana, haijathibitishwa. Wengine wanasema kuzunguka polepole peke yake kunatosha kuuangusha mwezi, bila dafrao la pili.

#14 Bwana Mdogo wa Kange

Kwa hiyo Cassini aliuona kabla haujaanguka! Kesi imekwisha.

#15 Kipima Anga

Kaka, hayo mambo ni ya mabilioni ya miaka iliyopita. Cassini ni juzi.

#16 Mla Kunde

Bwana Mdogo leo hujala?

#17 Binti Kilindini

Turudi kwenye mada. Kuna mtu aliyefanya kazi ambayo sisi hapa tunaifanya kwa mdomo. Paul Stroobant, Mbelgiji, 1887. Alichukua taarifa zote alizozipata, moja moja, akapiga hesabu: usiku ule Zuhura ilikuwa wapi angani, na nyuma yake kulikuwa na nyota gani?

Nyingi zikaangukia kwenye nyota. Mtu wa Copenhagen, Roedkier, 1764, alichokiona siku tofauti kilikuwa nyota tofauti za makundi ya Jabari, Ng'ombe na Mapacha. Horrebow wa Januari 1768 alikuwa anaangalia nyota ya kundi la Mizani, ile inayoitwa kwa herufi ya Kigiriki theta. Hakuna mwezi, hakuna nakala, hakuna mazingaombwe. Zuhura inapita mbele ya nyota kila siku, wao hawakuwa na ramani ya nyota ndogo ya kutosha.

Aprili 2020 Zuhura iliingia katikati ya Kilimia. Mnaokumbuka, ilikuwa magharibi baada ya magharibi, wengi tumefungiwa ndani kwa sababu ya korona. Mjomba wangu akanipigia simu kutoka Lamu kuniuliza Zuhura imezaa lini. Hana darubini, macho tu. Sasa mpe mtu wa 1764 kitundu kidogo cha darubini, uwanja wa kuonea mwembamba, nyota moja kando ya Zuhura. Angeandika nini?

#18 Nahodha wa Nchi Kavu

Nyota haina hilali, Binti. Nyota ni nukta. Cassini na Short wote waliandika umbo.

#19 Binti Kilindini

Ndiyo maana nimesema "nyingi", sikusema zote. Soma taratibu.

#20 Fundi wa Miwani

Hapo sasa. Copenhagen nyota, Paris nakala. Kila mmoja na ugonjwa wake.

#21 Kipima Anga

Ongezeni na Uranus kwenye washukiwa. Haikutambuliwa kuwa sayari mpaka William Herschel 1781, lakini ilikuwepo angani siku zote na kwenye darubini inaonekana vizuri tu. Flamsteed, mtaalamu wa anga Mwingereza, aliiandika kama nyota mwaka 1690. Mtu anayetazama Zuhura wakati Uranus inapita jirani angeona "nyota" ambayo haimo kwenye ramani, na wiki ijayo haipo tena. Kwa tarehe fulani za miaka ya 1760 ni jambo la kupigia hesabu.

Herschel mwenyewe aliiangalia Zuhura kwa miaka mingi, akachapisha 1793. Mwezi hakuuona.

#22 Msafiri wa Muscat

Mbona mnamruka yule aliyepiga hesabu za njia yake? Johann Lambert, wa Berlin, miaka ya 1770 alikusanya taarifa hizi, hasa za Montaigne, akatoa mzunguko kamili: mwezi unazunguka Zuhura kwa siku 11 na ushei. Hesabu safi kabisa. Tatizo, kwa umbali aliouweka na muda alioupata, ingebidi Zuhura iwe nzito mara kadhaa kuliko ilivyo. Inasimuliwa pia kwamba mfalme Frederick wa Prussia alitaka mwezi huo upewe jina la rafiki yake d'Alembert, na d'Alembert akajitoa kwa adabu. Aliona mbali.

#23 Mwalimu wa Jiografia

Na jina Neith alilipa Cassini, la mungu wa kike wa Misri.

#24 Msafiri wa Muscat

Hapana Mwalimu, hilo la Neith ni la Houzeau, aliyewahi kuwa mkuu wa uchunguzi wa anga Brussels, 1884. Na yeye hakusema ni mwezi. Alitazama tarehe za walioona, akadhani zinafuatana kwa vipindi vya siku 1080 hivi, akapendekeza kuna sayari ndogo inayolizunguka jua kwa siku 283, ambayo inakutana na Zuhura kila kipindi hicho. Miaka mitatu baadaye Stroobant, Mbelgiji mwenzake, akaja na nyota zake na Neith ikabaki jina.

#25 Mwalimu wa Jiografia

Kwa hiyo maelezo yangu ya jua mmeyakataa na jina pia. Naendelea kusoma.

#26 Mla Kunde

Pole Mwalimu, leo ni zamu yako kukaa dawati la nyuma.

#27 Mtoto wa Kenya (Lubumbashi, mtaa wa Kenya, siyo nchi)

Jambo kwenu. Mimi naona shida kubwa zaidi: hawa watu hata sayari yenyewe hawakuijua, tunawadai mwezi? Zuhura imefunikwa mawingu mazito, uso wake hauonekani kwa darubini ya kawaida. Angalieni muda wa kujizungusha tu. Cassini 1667 alisema chini kidogo ya siku moja. Bianchini wa Roma akasema siku 24 na theluthi. Schiaparelli 1890 akasema 225. Rada za Wamarekani na Warusi zilipoipiga miaka ya 1960 jibu likawa siku 243, tena kinyume. Wote wale walikuwa wanachora vivuli vya mawingu.

Na hapa kuna hadithi ambayo nyinyi hamuijui. Mtu aliyepata muda wa mawingu yenyewe alikuwa Brazzaville. Charles Boyer, Mfaransa, kazi yake hakimu, elimu ya anga ilikuwa mapenzi tu. Mwaka 1957 aliipiga picha Zuhura usiku hadi usiku kwa darubini ya kioo ya sentimita 26, kwa kichujio cha urujuani, akaona kivuli kinarudi kila siku nne. Akafanya kazi na Henri Camichel wa kituo cha kuchunguza anga cha Pic du Midi, Ufaransa. Wakubwa wakamcheka: sayari ya siku 243, mawingu yake ya siku nne? Jarida kubwa la Marekani likakataa makala yao. Mwaka 1974 chombo cha Mariner 10 kikapita pale kikathibitisha siku nne.

#28 Nahodha wa Nchi Kavu

Hii nilikuwa siijui kabisa! Asante sana ndugu. Hakimu wa Brazzaville kawapita wenye mitambo ya mamilioni.

Ila umenisaidia mimi zaidi. Boyer naye walisema anaona uzushi.

#29 Fundi wa Miwani

Nahodha, kwamba mmoja alichekwa na akawa sahihi haimaanishi kila aliyechekwa yuko sahihi. Nakuletea mfano wa upande wa pili: Percival Lowell, yule wa mifereji ya Mirihi. Mwaka 1896 pale Flagstaff aliielekeza darubini yake ya inchi 24 kwenye Zuhura, akaziba sehemu kubwa ya lenzi ili kupunguza mwako. Akachora mistari inayotoka katikati kwenda pembeni. Wasaidizi wake wengine hawakuiona. Zaidi ya miaka mia moja baadaye mtaalamu wa macho Mmarekani akatoa maelezo: ukibana tundu kiasi kile, mwanga unaingia jichoni kama uzi mwembamba na unatupa kivuli cha mishipa ya damu ya jicho lako. Kwa maelezo hayo, Lowell alichora ramani ya jicho lake.

Sisi tunapima macho kwa taa ndogo. Mgonjwa mara nyingi ananiambia, "Naona mti wenye matawi." Ni mishipa yake. Kwa hiyo Padri Hell aliposema tatizo linaanzia kwenye jicho, alikuwa na hoja kuliko mnavyompa.

#30 Kipima Anga

Lowell sawa. Ila Fundi, mfafanulie na Barnard.

Edward Emerson Barnard, wa kituo cha kuchunguza anga cha Lick, California. Alfajiri ya 13 Agosti 1892 alikuwa anatafuta miezi ya Zuhura kwa darubini ya inchi 36, kubwa kuliko zote za lenzi wakati ule. Akaona nyota karibu na Zuhura, ya daraja la 7 la mwanga hivi, yaani hafifu kidogo kwa macho matupu. Akapima mahali pake. Kwenye orodha za nyota haipo. Alikaa nayo hadi 1906 ndipo akaichapisha. Mpaka leo mahali pale hakuna nyota ya mwanga ule.

Chini ya mwezi mmoja baadaye, 9 Septemba 1892, mtu huyuhuyu kwa darubini hiihii akavumbua mwezi wa tano wa Mshtarii, Amalthea, ambao ni mgumu kuuona kwa sababu ya mwako wa Mshtarii. Macho yake hayana kesi. Alichokiona kilikuwa nukta, siyo hilali, kwa hiyo nakala inakuwa ngumu. Wengine wamependekeza ilikuwa nyota iliyolipuka ikang'aa kwa muda kisha ikafifia. Wengine, asteroidi. Hakuna aliyefunga jalada.

#31 Fundi wa Miwani

Barnard simgusi.

#32 Mama Kachori

Mimi nasoma tu kimya, lakini niulize: hakuna aliyesema majini? Maana kwetu kitu kinachoonekana kwa mtu mmoja alfajiri halafu kinapotea kina jina lake.

#33 Msafiri wa Muscat

Shikamoo Mama Kachori. Majini hapana, ila wapo waliosema watu. Kuna mwanga hafifu ambao baadhi ya watazamaji wameuona kwenye upande wa giza wa Zuhura, wa kwanza kuuandika akiwa Riccioli, 1643. Mjerumani mmoja, Gruithuisen, karne ya 19, alieleza kwamba ni moto wa sherehe: wakazi wa Zuhura wanawasha mioto mikubwa kumtawaza mfalme mpya.

#34 Mama Kachori

Marhaba mwanangu. Sasa hayo ndiyo maelezo. Na pilau juu.

#35 Kipima Anga

Ule mwanga nao haujaelezwa mpaka leo. Radi, mwako wa hewa, uzushi wa jicho, kila mtu na lake. Anzisheni uzi wake, huu utajaa.

#36 Bwana Mdogo wa Kange

Swali la kweli sasa. Zuhura ikipita mbele ya jua si mwezi wake ungeonekana kama doa la pili?

#37 Binti Kilindini

Swali zuri kuliko yote uliyouliza leo. 6 Juni 1761 Zuhura ilipita mbele ya jua, na watu walisambaa dunia nzima kuitazama. Mjerumani mmoja, Scheuten, wa Krefeld, alisema aliona doa dogo jeusi likiifuata Zuhura, na likabaki juu ya jua baada ya Zuhura kutoka. Wengine wote, wakiwemo waliokuwa wanalitafuta makusudi, hawakuliona. Huenda lilikuwa doa la jua lenyewe.

Kwetu hapa pwani 8 Juni 2004 ilionekana yote, kuanzia kama saa mbili na robo asubuhi hadi karibu saa nane na nusu mchana. Ya 6 Juni 2012 jua lilichomoza likiwa tayari na doa, ikaisha kabla ya saa mbili. Nilitazama kwa kioo cha kuchomelea, namba 14. Doa moja. Inayofuata ni Desemba 2117, tuwaachie wajukuu.

#38 Nahodha wa Nchi Kavu

Mwezi wenye robo ya kipenyo cha Zuhura ungekuwa na upana wa kilomita 3,000, karibu kama wetu. Usingeweza kujificha 2004. Hilo silibishi, na sijawahi kusema mwezi upo. Nauliza Short aliona nini. Bado sijajibiwa.

#39 Kipima Anga

Kwa faida ya wanaopenda mambo mapya: kuna jiwe linaloitwa Zoozve, liligunduliwa 2002. Linalizunguka jua, lakini kwa mwendo ambao ukiwa Zuhura ungeliona kama linakuzunguka wewe. Jina lilitokana na mchoraji wa bango la watoto aliyesoma vibaya "2002 VE" akaandika "Zoozve", na 2024 likawa rasmi. Ni dogo mno, Cassini asingeliona kwa njia yoyote.

#40 Mla Kunde

Kwa hiyo Zuhura ina mchepuko.

#41 Mchaga wa Kibosho

Wakuu, Nahodha anataka jibu la Short na mimi nina darubini ya kioo, ndogo, kama zile zake. Zuhura ikirudi jioni naweza kubadilisha lenzi za jicho moja moja nione kama nakala inakaa palepale au inahama. Shida, lenzi zangu mbili zimeota ukungu tangu masika. Fundi, unasafishaje bila kuharibu?

#42 Fundi wa Miwani

Usifute na kanga wala fulana! Ukungu una nyuzi, ukisugua unakwaruza kioo. Pulizia vumbi kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha kitambaa cha lenzi na spiriti safi kidogo, duara kutoka katikati. Kama umeingia kati ya vioo viwili vilivyogandishwa, hautoki, nunua nyingine. Ukimaliza weka kwenye kopo na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

#43 Mchaga wa Kibosho

Ubarikiwe. Umeingia katikati, kwenye ya milimita 10.

#44 Fundi wa Miwani

Basi hiyo tupa. Iliyobaki ya ngapi?